Ngewa na Riwaya ya Mapenzi: Mfano wa David Maillu

Wahakiki wengi wameiona riwaya ya mapenzi ya Kenya kuwa ni zao la mji na biashara tu. Makala haya yanadai kwamba, kwa David Maillu, mzizi wake mmoja umo katika usimulizi wa Ukambani.

Maillu alizaliwa Kilungu, Makueni, mwaka 1939, katika jamii yenye utajiri wa ngewa, yaani hadithi za mdomo. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya baadhi ya hadithi hizo katika Akamba Stories (1966). Maillu naye aliandika kwa Kikamba, kisha akajulikana zaidi kwa Kiingereza, akijichapishia vitabu kupitia Comb Books, kampuni aliyoianzisha mwenyewe.

Tutazame fani. My Dear Bottle (1973) na After 4:30 (1974) ni masimulizi ya kishairi. Katika kile cha kwanza mlevi anaisemesha chupa yake. Msomaji hujikuta amegeuzwa msikilizaji. Huu ndio mtindo wa fanani mbele ya hadhira.

Hata hivyo, fanani wa jikoni huwaona walioketi, awe mtoto au mkwe, akachagua maneno. Kitabu hakichagui msomaji. Tanzania ilipovipiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976, hoja ilikuwa maadili. Kwa maoni yetu, chini ya hoja hiyo lilikuwako swali la hadhira: nani asimuliwe nini, na mbele ya nani? Mhakiki asiyelijibu hajamtendea haki mtunzi, wala waliomkataza.