Magadi, Maji na Meno

Katika vijiji vingi vilivyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha, meno yenye madoa ya kahawia ni jambo la kawaida. Wageni hudhani ni uchafu. Lakini mswaki hauyaondoi. Asili yake ni floraidi, ambayo maji huichukua yanapopita katika miamba ya volkano.

Floraidi kidogo huimarisha jino. Tabaka gumu la nje ya jino limejengwa kwa kalsiamu na fosfati, na floraidi huingia humo kwa urahisi. Ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yanajengeka ufizini, tabaka hilo hutoka na dosari. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa, na hata kupinda. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hukolea. Mpishi naye atiapo magadi ili makande yaive upesi, huenda akaongeza floraidi nyingine chunguni, maana magadi ya huko mara nyingi huwa nayo.

Dawa moja imo katika mfupa wenyewe. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa penye hewa haba hugeuka mkaa, na maji yakichujwa humo, floraidi hunaswa kama inavyonaswa na jino. Mkaa huo hushiba baada ya muda. Usipobadilishwa, maji hupita na floraidi yake, wala ladha haimwonyi mnywaji.