Taa za LED na uhai wa matumbawe: Kwa nini mwanga ukizidi huua na ukipungua hudhoofisha?

Mwezi Julai mwaka 2023, kipimajoto kilichowekwa katika ghuba ya Manatee, kusini mwa jimbo la Florida nchini Marekani, kilionesha kuwa maji ya bahari yamefikia nyuzi joto 38.4 za Selsiasi. Hicho ni kiwango cha maji ya kuogea. Katika wiki hizo wahifadhi walilazimika kutoa baharini maelfu ya vipande vya matumbawe na kuvihamishia kwenye matangi yaliyoko nchi kavu, kabla havijafa.

Kuokoa tumbawe kutoka katika maji ya moto ni hatua ya kwanza tu. Likishaingizwa ndani ya jengo, mbali na jua, uhai wake huanza kutegemea taa iliyo juu ya tangi: ukali wake, rangi yake, na saa za kuwashwa na kuzimwa. Kosa dogo katika mambo hayo matatu laweza kuliua tumbawe lililonusurika baharini.

Mwaka 2025 wanasayansi walitangaza kwamba aina mbili za matumbawe yenye matawi, ambazo kwa maelfu ya miaka zilijenga miamba ya Florida, sasa ni chache mno kiasi kwamba haziwezi tena kutimiza kazi hiyo katika eneo hilo. Kwa viumbe vya namna hiyo, tangi lenye taa limekuwa mojawapo ya hifadhi zao za mwisho.

Mnyama anayekula mwanga

Wengi hulidhania tumbawe kuwa jiwe, na wengine mmea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama. Kila tumbawe ni kundi la viumbe vidogo viitwavyo polipi, kila kimoja kikiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, na vyote hujenga kwa pamoja kiunzi kigumu cha chokaa.

Ndani ya nyama ya polipi hao huishi mwani wa seli moja usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari kwa njia ya usanisinuru, kisha humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya sukari hiyo. Katika maji safi yenye mwanga wa kutosha, chakula hicho chaweza kutosheleza hadi takriban asilimia 90 ya nishati anayoihitaji mnyama huyo. Mwenyeji naye humpa mwani makazi, hewa ya kaboni na virutubisho.

Kwa hiyo tumbawe lisilopata mwanga hufa njaa polepole, hata kama maji yake ni safi na yana joto linalofaa. Kiunzi chake pia hukua kwa kasi zaidi wakati wa mchana, kwa kuwa kazi ya kukijenga huhitaji nishati.

Kwa nini rangi ya buluu?

Anayetazama tangi la matumbawe huvutiwa kwanza na mwanga wake wa buluu. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Maji ya bahari hufyonza mwanga mwekundu katika mita chache za juu, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo rangi nyingine zinavyopotea na buluu kubaki. Mwani wa matumbawe umezoea hali hiyo kwa mamilioni ya miaka, na klorofili yake hunasa vyema mwanga wa buluu.

Zamani wafugaji wa matumbawe walitumia taa kubwa za gesi zilizokula umeme mwingi na kupasha maji joto, hata mashine za kuyapoza zikahitajika. Mambo yalibadilika baada ya kupatikana kwa LED za buluu zenye nguvu, uvumbuzi uliowapatia wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Taa za LED zina faida nyingine kubwa: kila rangi yaweza kuongezwa au kupunguzwa peke yake. Mtunzaji anaweza kuweka buluu nyingi, nyeupe kidogo na nyekundu haba, akakaribia mwanga ulioko mita kadhaa chini ya uso wa bahari.

Jicho la binadamu hudanganya

Faida hiyo ndiyo pia chanzo cha makosa mengi. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani, na huona buluu kwa udhaifu. Tangi lenye taa za buluu laweza kuonekana kama lina giza, kumbe matumbawe yaliyomo yanaunguzwa. Vipimo vya kawaida vya mwanga, vilivyotengenezwa kufuata jicho la mwanadamu, hukosea kwa namna ile ile.

Kwa sababu hiyo wataalamu hupima chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru, kwa kipimo cha mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri katika nchi za tropiki hufikisha takriban mikromoli 2,000 juu ya uso wa bahari. Ndani ya matangi, matumbawe laini mengi huridhika na mikromoli 50 hadi 150, ilhali yale yenye matawi magumu, yaliyozoea maji ya kina kifupi, kwa kawaida huwekwa kati ya 200 na 400.

Muda nao huhesabiwa. Tumbawe linalopata mikromoli 250 kwa saa 10 hupokea jumla ya moli 9 za mwanga kwa siku katika kila mita ya mraba. Mikromoli 180 kwa saa 14 hutoa karibu jumla ile ile. Hata hivyo siku hizo mbili hazilingani. Mwanga mkali wa muda mfupi waweza kuvuka kiwango ambacho mwani unaweza kukistahimili, na mwanga wa kupita kiasi kwa saa huliondolea tumbawe usiku linaouhitaji. Ndiyo maana watunzaji wengi huwasha taa kwa saa 8 hadi 12, ukali ukipanda taratibu asubuhi na kushuka jioni, kama jua linavyofanya.

Mwanga unapogeuka sumu

Usanisinuru una kikomo. Mwani unapopokea mwanga kuliko unavyoweza kuutumia, nishati ya ziada huzalisha aina za oksijeni zenye madhara, ambazo hushambulia seli za mwani na za mnyama pia. Tumbawe hujitetea kwa kuufukuza mwani kutoka mwilini mwake. Kwa kuwa mwani ndio unaolipa sehemu kubwa ya rangi, kiunzi cheupe huanza kuonekana kupitia nyama yake. Hali hiyo huitwa kupauka.

Tumbawe lililopauka bado liko hai, lakini limepoteza mlishaji wake. Likirudishiwa mapema mazingira mazuri laweza kupona. Likichelewa, hufa.

Joto na mwanga hushirikiana katika madhara hayo. Maji yanapopata joto, kikomo cha mwani hushuka, na mwanga uliokuwa salama katika nyuzi 26 waweza kuleta madhara katika nyuzi 30. Kwa hiyo joto la tangi likipanda ghafla, hatua mojawapo ya dharura ni kupunguza mwanga. Watafiti nchini Australia wanafuata mantiki hiyo hiyo baharini: tangu mwaka 2020 wamekuwa wakijaribu kurusha matone madogo ya maji ya chumvi angani ili mawingu yaakisi jua zaidi na kuupatia kivuli mwamba mkubwa wa Great Barrier Reef.

Namna ya kurekebisha bila kudhuru

Kanuni ya kwanza ni subira. Tumbawe lililohamishwa kutoka kwenye mwanga hafifu huhitaji wiki kadhaa ili mwani wake urekebishe kiasi cha klorofili. Watunzaji wazoefu huanza na ukali wa chini, pengine nusu ya ule wanaoukusudia au pungufu, kisha huongeza asilimia chache kila wiki. Wengine huliweka kwanza chini ya tangi, ambako mwanga ni mdogo, na kulipandisha hatua kwa hatua.

Kanuni ya pili ni kulisoma tumbawe lenyewe. Likibadilika kuwa la hudhurungi iliyokolea, mara nyingi mwani umeongezeka ili kunasa mwanga usiotosha. Polipi wakijinyoosha kupita kawaida, huenda wanautafuta mwanga. Likianza kufifia upande wa juu unaoelekea taa, au polipi wakikaa wamejikunja mchana kutwa, yaelekea mwanga umezidi.

Kanuni ya tatu ni kutobadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Kufifia kwaweza pia kusababishwa na joto, upungufu wa virutubisho au mabadiliko ya chumvi na madini. Anayebadilisha taa na maji siku moja hatajua ni lipi lililoponya wala lipi lililodhuru.

Mbalamwezi ndani ya jengo

Mwanga haulishi tu. Pia huyaambia matumbawe siku ya kuzaa. Aina nyingi huachia mayai na mbegu baharini usiku mmoja au michache kwa mwaka, zikiongozwa na joto la msimu, mwezi na kuchwa kwa jua. Mwaka 2007 watafiti walieleza kwamba matumbawe yana protini zinazohisi mwanga wa buluu, ambazo utendaji wake hubadilika kufuatana na mwanga wa mwezi.

Katika jumba la makumbusho la Horniman mjini London, mradi ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya mtaalamu Jamie Craggs ulitumia taa zinazoongozwa na kompyuta kuiga macheo, machweo na mbalamwezi ya bahari za mbali, pamoja na mabadiliko ya joto ya mwaka mzima. Matumbawe yalizaa ndani ya jengo, katika jiji lisilo na bahari ya tropiki. Kwa kushirikiana na mradi huo, hifadhi ya Florida Aquarium ilifanikiwa mwezi Agosti 2019 kuyafanya matumbawe ya nguzo ya bahari ya Atlantiki yazae katika maabara kwa mara ya kwanza. Aina hiyo sasa imo katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Somo hilo lina upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha kwamba matumbawe yanayomulikwa usiku na taa za miji ya pwani huzaa siku moja hadi tatu karibu zaidi na mwezi mpevu kuliko yale yaliyo gizani. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza, na kipindi kifupi cha giza baada ya machweo huwa ishara ya kuzaa. Taa za miji huivuruga ishara hiyo. Matumbawe jirani yakizaa siku tofauti, mayai na mbegu havikutani.

Maana yake kwa pwani ya Afrika Mashariki

Miamba ya Kenya na Tanzania ilipata pigo kubwa mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto na matumbawe mengi kupauka na kufa. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imeingia katika kipindi cha nne cha kupauka kwa matumbawe kila pembe. Kwa wavuvi wa pwani, mwamba uliokufa ni mazalia ya samaki yaliyopotea na ukuta wa mawimbi unaobomoka.

Wanaopanda upya matumbawe baharini hawana taa, ila kanuni ni zile zile, na kina cha maji ndicho kinachopima mwanga. Kipande kilichokatwa mita 10 chini ya maji na kupandwa ghafla katika mita 2 chaweza kuungua kama kile kilichowekwa chini ya taa kali mno. Hoteli na bandari zinazomulika bahari usiku zaweza pia kuelekeza taa zake nchi kavu, kuzipunguza, au kuzizima katika siku zinazofuata mwezi mpevu wa msimu wa kuzaa.

Matangi yenye taa hayawezi kuchukua nafasi ya bahari, wala hayapunguzi gesi zinazoipasha dunia joto. Kazi yake ni kuhifadhi mbegu hai hadi maji yatakapokuwa tayari kuzipokea tena.