Kitanda cha Pili Analipia Nani?

Bei inayoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye tangazo la meli ya kitalii ni bei ya nusu ya chumba. Ukiona "dola 1,000, siku saba", shuka hadi kwenye maandishi madogo: kwa kila mtu, wawili katika kabini moja. Anayesafiri peke yake akifika hatua ya kulipa hukuta ameandikiwa dola 1,700, au 2,000 kamili, na bado hajaguswa na kodi za bandari wala bakshishi ya wahudumu. Hakuna aliyemwambia uongo. Ila ile bei iliyomvuta haikuwa yake tangu mwanzo.

Waliowahi kwenda Umra wanaijua hesabu hii. Wakala hukupa bei ya chumba cha watu wanne, cha watatu na cha wawili, na anayetaka kufunga mlango alale mwenyewe anajua atalipia vitanda vyote. Tofauti ni kwamba wakala wa Umra huziweka bei zote mezani siku ya kwanza. Kampuni za meli hutangaza moja tu, ile ya watu wawili.

Tunazungumzia biashara kubwa. Chama cha kimataifa cha kampuni hizo, CLIA, kilihesabu abiria milioni 31.7 mwaka 2023, wakati mwaka 2019, kabla ya Uviko, walikuwa milioni 29.7. Sehemu kubwa ya soko imo mikononi mwa kampuni nne: Carnival, Royal Caribbean na Norwegian, zote zenye makao makuu Miami, na MSC ya Geneva. Kampuni hizo zilipambana kwa muda mrefu kupata familia zenye watoto na wanandoa wa fungate. Abiria asiye na mwenzake walimwona kama hasara inayotembea.

Hasara hiyo inatoka wapi? Mwaka 2023 Royal Caribbean iliingiza dola bilioni 13.9. Nauli zilileta takriban bilioni 9.6, na bilioni 4.3 zilizobaki zilitokana na kile abiria wanachonunua wakiwa wameshapanda: vinywaji, kasino, intaneti, saluni, matembezi ya nchi kavu. Maana yake, kwa kila dola 100 za nauli, kampuni hukamua nyingine kama 45 baharini. Sasa chukua kabini ya mfano wetu. Wawili wakilipa 1,000 kila mmoja, chumba kinaleta 2,000 za nauli na 900 hivi za matumizi. Mmoja akilipa 1,000 tu, chumba kilekile kinaleta 1,450, nusu kamili. Akitozwa mara mbili, kinaleta 2,450. Kampuni huokoa chakula cha mtu mmoja na gharama nyingine ndogondogo, lakini bado haijaifikia ile 2,900.

Kwa hiyo mlalamikaji anayesema analipishwa chakula cha mtu asiyekuwepo ana haki nusu. Kinachomgharimu hasa ni glasi ambazo mwenzake angekunywa na mashine za kamari ambazo angezilisha. Hata vitabu vya hesabu vya kampuni hizi vimejengwa juu ya dhana ya watu wawili. Meli huhesabiwa imejaa kwa asilimia 100 pale kila kabini inapokuwa na wawili, na kwa kuwa watoto hulala kwenye vitanda vya ziada, ripoti za kawaida husema meli zimejaa kwa zaidi ya asilimia 100. Mkurugenzi aliyezoea kuwaeleza wenye hisa asilimia 105 au 108 hatafurahi kuona vyumba vyenye kichwa kimoja kimoja.

Haikuwa hivi siku zote. Enzi ambazo meli ilikuwa chombo cha kufika mahali, mtu kusafiri peke yake lilikuwa jambo la kawaida: mfanyabiashara, ofisa wa serikali, mwanafunzi, mwalimu anayerudi kazini. Meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizokuwa zikitoka London hadi Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1950, zilibeba watu wa aina hiyo. Ndege za jeti zilipowachukua abiria hao, meli ya Uganda iligeuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwa meli ya safari za masomo na kutiwa mabweni ya wanafunzi, kila mtoto na kitanda chake. Meli ya QE2 ya Cunard, iliyoanza safari mwaka 1969, nayo ilikuwa na kabini za mtu mmoja. Meli za starehe za Karibi zilizofuata zilikuwa na shabaha nyingine. Mnunuzi wake alikuwa mume na mke, na wachora ramani wakachora vyumba vya watu wawili ghorofa baada ya ghorofa.

Aliyebadilisha mchoro ni Norwegian. Mwaka 2010 ilizindua Norwegian Epic ikiwa na vyumba 128 vya mtu mmoja, kila kimoja na ukubwa wa futi za mraba 100 tu, dirisha lake likitazama ushorobani badala ya baharini. Wenye vyumba hivyo walipewa sebule yao ya pamoja, mlango wake ukifunguliwa kwa kadi zao peke yao. Watu waliofikiri ni kichekesho walinyamaza baada ya muda mfupi, maana vyumba viliuzika. Hakukuwa na hisani ndani yake. Nafasi ambayo ingetoa vyumba vichache vya wawili ilitoa vingi vya mmoja, na idadi ya watu, ambao ndio wanunuzi wa vinywaji na kasino, haikupungua sana. Kampuni ilisawazisha hesabu kwa kupunguza chumba badala ya kuongeza nauli.

Wengine wakaiga, kila mmoja kwa kipimo chake. Cunard ilipoifanyia ukarabati Queen Mary 2 mwaka 2016 iliongeza kabini 15 za mtu mmoja, idadi ndogo sana kwa meli inayobeba abiria zaidi ya 2,600. Holland America, MSC na Virgin Voyages nao wana zao. Aliyekwenda mbali zaidi ni Saga, kampuni ya Uingereza inayowahudumia watu wa miaka 50 kwenda juu. Meli yake Spirit of Discovery ya mwaka 2019 ina kabini za mtu mmoja zaidi ya 100, karibu moja ya tano ya vyumba vyote, na zote zina roshani. Saga inawajua wateja wake. Kwa umri huo wapo wajane, wapo walioachana, na wapo wengi wenye ndoa nzima kabisa ambao mwenzi aliyebaki nyumbani hataki kusikia habari za mawimbi.

Hapo ndipo dhana ya "mpweke" inapoharibu biashara. Anayepanda meli peke yake mara nyingi ni mtu mwenye fedha zake na mwenye uamuzi wake, na hurudi tena na tena. Mario Salcedo wa Miami, mzaliwa wa Cuba, aliacha kazi ya ofisini mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa zaidi ya miaka 20 ameishi melini karibu mwaka mzima akifanya kazi zake za uwekezaji kutoka sitahani. Mteja wa namna hiyo ana thamani kuliko fungate mbili. Royal Caribbean yenyewe inakiri hivyo kupitia pointi zake za wateja wa kudumu, kwani anayelala peke yake kabini hupata pointi mara mbili kwa kila usiku. Ni fidia ya karatasi, lakini ni fidia.

Wateja hawa wameifundisha sekta jambo jingine: meza. Anayekula peke yake usiku saba mfululizo hatanunua chupa ya divai, bali ataagiza chakula chumbani na kulala saa tatu. Ndiyo maana meli nyingi siku hizi zina mfanyakazi wa kuwakutanisha wasafiri wa aina hii jioni ya kwanza, na meza za pamoja kwa wanaozitaka. Cunard kwa miaka mingi imekuwa na wanaume wa kucheza dansi na akina mama waliokuja bila mwenzi, kwa masharti makali ya adabu. Usalama nao umepata sheria. Tangu mwaka 2010 Marekani inazilazimisha meli kubwa zinazotumia bandari zake kuweka tundu la kuchungulia kwenye mlango wa kila kabini na kuripoti makosa mazito ya jinai kwa FBI. Mwanamke anayesafiri mwenyewe ana sababu ya kuuliza kama meli yake inafuata sheria hiyo.

Lakini msomaji asikimbilie kudhani kuwa chumba cha mtu mmoja ni nafuu. Vyumba hivyo ni vichache, huisha mapema, na kinachoisha mapema hupanda bei. Mara nyingi utakuta kijichumba kisicho na dirisha la bahari kinauzwa sawa na kabini ya kawaida ya ndani iliyolipiwa mara mbili, wakati mwingine hata zaidi. Mimi naona hapa ndipo kampuni zinapocheza rafu: zimechukua kitu kilichobuniwa kuondoa nyongeza, zikakirudishia nyongeza ndani ya bei ya msingi, mahali isipoonekana.

Pwani yetu inaingiaje? Meli za kitalii hutufikia zaidi msimu wa kaskazi, Novemba hadi Aprili, wakati Ulaya ina baridi. Maharamia wa Kisomali waliukausha msimu huo kwa miaka kadhaa. Seabourn Spirit ilishambuliwa mwaka 2005, na MSC Melody mwaka 2009 ikitoka Durban kwenda Genoa. Eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi lilifutwa rasmi Januari 2023, na Mombasa tayari ilikuwa imejenga jengo la abiria wa meli hizi. Mapema mwaka 2025 Norwegian Dawn ilifika hapo ikiwa na watalii zaidi ya 2,000.

Hebu mtazame abiria mmoja akishuka kutoka meli kama hiyo bila mwenzake. Safari ya Tsavo Mashariki au Shimba Hills anauziwa gari zima. Akiwa Zanzibar akataka kwenda Changuu kuwaona kobe, nahodha atamtajia bei ya boti, na papasi, yaani dalali wa watalii, aliyemleta ana fungu lake ndani ya bei hiyo. Yaani nyongeza aliyoikimbia melini inamsubiri ufukoni. Anachofanya ni kununua matembezi ya kampuni ya meli, ambayo huuzwa kiti kimoja kimoja, na sehemu nono ya fedha hizo inabaki melini. Au anazunguka Ngome Kongwe na Forodhani kwa miguu, ananunua kofia, anarudi.

Dawa yake haihitaji mkopo wa benki. Meli hujulikana tarehe ya kufika miezi mingi kabla. Watembeza watalii wanaweza kuuza viti mapema kupitia simu, wakawakusanya wanane waliokuja mmoja mmoja katika boti moja, na nahodha akapata bei yake ileile ya boti nzima. Ziara za viungo Unguja zimeuzwa hivyo kwa miaka mingi na hazijamfilisi mtu. Hoteli za Serengeti na mahoteli ya ufukweni nayo yajiulize, maana kumtoza mgeni mmoja nyongeza ni desturi huko pia, hata miezi ya mvua za masika ambapo nusu ya vyumba havina mtu. Chumba kilicholala tupu jana hakiuziki leo.

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kwenda mwenyewe, mlango wa karibu umekuwa Durban, ambako MSC imekuwa ikiweka meli kwa miaka mingi katika kiangazi cha kusini, na Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini kwa safari fupi tangu mwaka 2023. Walioko Ghuba wamekuwa na meli za majira ya baridi zinazotoka Dubai. Miami na Barcelona zina gharama nyingine isiyo kwenye tangazo, nayo ni viza. Meli ikitoka eneo la Schengen na kurudi, viza ya kuingia mara moja inaweza kukuacha gatini ukiitazama ikiondoka.

Ukiamua kwenda, mwulize wakala maswali mawili kabla ya kutoa hata shilingi: kabini ya mtu mmoja ni bei gani, na kabini ya kawaida ya ndani nikilala peke yangu ni bei gani, zote mbili zikiwa na kodi za bandari, bakshishi na bima. Bakshishi pekee hufika dola 16 hadi 20 kwa siku katika kampuni nyingi za Miami. Kisha rudi baadaye uulize tena, hasa ikiwa tarehe haikubani, kwa sababu meli inayokaribia kuondoka na vyumba vitupu hupunguza nyongeza haraka kuliko meli inayosubiri likizo za shule. Wakala anayekataa kukupa bei hizo mbili kwa maandishi, mwache utafute mwingine.