Moshi wa mazutu na mapafu ya mtoto

Mama wa Munigi, wewe unajua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kulala katika mashimo. Haina rangi wala harufu, na inaua mara moja. Kwa hiyo unakataza watoto kuchezea huko. Lakini kuna hewa nyingine mbaya ambayo hatuiogopi kwa sababu tumeizoea: moshi wa mazutu. Huo unaumiza polepole.

Unaumiza namna gani?

Kamyo ya zamani yenye mizigo mingi, ikipanda kutoka Goma kwenda Rutshuru, inatapika moshi mweusi. Masizi unayoyaona ni sehemu tu. Mengine ni madogo sana, jicho haliyaoni. Yanapita puani na kooni, yanafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi huo unaleta kansa ya mapafu.

Mtoto anaumia zaidi. Mapafu yake bado yanakua, naye anapumua haraka kuliko wewe. Tena akikaa chini kando ya barabara, pua yake iko karibu na bomba la moshi.

Miji mingine ilifanya nini?

Mwaka 1999, mkuu wa mji wa Tokyo, Japani, Shintaro Ishihara, alionyesha watu chupa yenye masizi meusi ya magari ya mazutu. Watu wakaona kwa macho kile walichokuwa wakivuta. Kuanzia Oktoba 2003, kamyo na bisi za mazutu ambazo hazikutimiza kipimo, wala hazikuwa na chombo cha kuchuja moshi, zilikatazwa kupita mjini.

Sisi tufanye nini?

Utasema: "Lakini muganga, mimi naweza kuzuia kamyo?" Hapana, mama. Sheria ni kazi ya wakubwa. Lakini mtoto ni wako, na haya unayaweza:

1. Ukiuza kando ya barabara, mtoto akae nyuma yako, mbali na magari. Hata hatua chache zinasaidia.
2. Usisimame na mtoto nyuma ya kamyo inayonguruma. Kama dereva anangoja tu, mwombe kwa upole azime motere.
3. Jenereta isiwashwe hata kidogo ndani ya nyumba. Moshi wake unaweza kuua watu wakilala.
4. Mbabula ya makala iwe nje. Mtoto asipate moshi barabarani na nyumbani pia.
5. Katika mkutano wa kijiji, akina mama waseme pamoja: kamyo zisiegeshwe mbele ya shule na kliniki huku motere inawaka.

Ona hatari mapema

Mtoto akikohoa, ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Fungua nguo, tazama kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka mno kama ni:

– chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
– miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
– mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 au zaidi

Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au anashindwa kunyonya, mlete hospitali leo leo. Usingoje siku ya kupima watoto.