Dawa za Usingizi katika Tiba ya Umeme: Kwa Nini Kipimo Ni Sehemu ya Tiba

Tiba ya umeme hutolewa kwa wagonjwa wenye sonona kali, hasa wanaokataa kula au walio katika hatari ya kujiua, na kwa wale ambao ugonjwa wa akili umewafanya wakakamae na kunyamaza kabisa. Wengi huiogopa kutokana na historia yake. Ugo Cerletti na Lucio Bini walipoianzisha Roma mwaka 1938, mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi, na misuli ilikaza kwa nguvu kiasi cha kuweza kuvunja mifupa, hata ya uti wa mgongo. Leo mgonjwa hulazwa usingizi kwa dakika chache na misuli yake hulegezwa kwanza.

Kinachotibu ni degedege ambalo umeme huliamsha ndani ya ubongo. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa dawa nyingi za usingizi huzuia degedege. Mgonjwa akipewa dawa nyingi kupita kiasi, degedege huwa fupi au halitokei kabisa, na tiba huonekana kushindwa ilhali kasoro imo katika kipimo.

Propofoli humwamsha mgonjwa mapema na hupunguza kupanda kwa shinikizo la damu, lakini hufupisha degedege. Kwa sababu hiyo, mtu mzima ambaye katika upasuaji angepewa miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito, katika tiba ya umeme kwa kawaida huanzishiwa takriban miligramu 1. Thiopentali nayo hukandamiza degedege kadiri kipimo kinavyoongezeka. Ketamini haikandamizi degedege kwa namna hiyo. Hata hivyo hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na baadhi ya wagonjwa huzinduka wakiwa na njozi au wamechanganyikiwa.

Kupunguza dawa ya usingizi kupita kiasi nako kuna hatari. Suksamethoni, inayolegeza misuli, haimlazi mtu usingizi wala haiondoi maumivu. Ikitangulia kufanya kazi, mgonjwa atakuwa macho huku akishindwa kupumua wala kutoa ishara. Ni lazima usingizi uthibitishwe kabla ya dawa hiyo kutolewa, na mgonjwa asaidiwe kupumua kwa oksijeni hadi nguvu zimrudie. Dawa hiyo haifai kwa mtu mwenye potasiamu nyingi katika damu, majeraha makubwa ya moto ya siku zilizopita au kupooza.

Kwa kuwa misuli imelegea, degedege laweza lisionekane kwa macho. Wahudumu hufunga kifundo kimoja cha mguu kwa mkanda wa kupimia shinikizo na kuujaza hewa kabla ya kutoa suksamethoni. Dawa haiufikii unyayo huo, na mtikiso wake huonyesha muda wa degedege. Penye mashine ya kupima umeme wa ubongo, nayo hutumika. Moyo nao hufuatiliwa kwa makini, kwani mapigo huweza kushuka ghafla mara tu umeme unapopitishwa, kisha yakapanda pamoja na shinikizo la damu.

Mgonjwa na jamaa zake wana mchango mkubwa. Asile chakula kwa saa 6 kabla ya tiba. Maji matupu yaruhusiwe hadi saa 2 kabla, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Ataje dawa zote anazotumia: diazepamu na dawa za kifafa, kama karbamazepini, hufanya degedege liwe gumu kutokea. Asiziache kwa hiari yake, kwani kuziacha ghafla kuna madhara. Daktari ndiye atakayezipanga. Aeleze pia iwapo yeye au ndugu wa damu amewahi kupata tatizo baada ya dawa ya usingizi.

Degedege likiwa fupi mno, wahudumu wapitie upya kipimo cha dawa ya usingizi na dawa nyingine za mgonjwa kabla ya kuongeza umeme, na kabla ya kumwambia kwamba tiba hii haimfai.