Kadi ya Michoro kwa Mwenye Fedha Chache

Kompyuta ambazo vijana wengi wa Afrika Mashariki hununua kwa ajili ya gemu hazikuundwa kwa gemu. Ziliundwa kwa ajili ya maofisi ya Ulaya, zikatumika kwa barua na hesabu miaka kadhaa, kisha, zilipochakaa machoni pa wenyewe wa kwanza, zikapakiwa melini na kuletwa kuuzwa kwa mtumba Kariakoo na Nairobi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na nyingine za ukoo huo, aghalabu zenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, na kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aweza kuistahimili. Ni mashine amini. Hufungua programu za ofisi bila kunung'unika, huonyesha filamu, na hudumu. Lakini siku mwenyewe atakapoiwekea gemu ya mpira ya miaka hii, wachezaji watakwenda kwa kusitasita, mpira utatoka winga hii na kutokeza winga ile bila kuonekana ulipopita, na ndipo rafiki zake watakapomwambia kwa kauli moja kwamba anahitaji kadi ya michoro.

Shauri hilo ni la kweli, lakini limekatwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowala watu fedha zao. Mnunuzi huanzia dukani, akatazama majina na bei, akachukua kadi yenye sifa kubwa kuliko zote ambazo mfuko wake unazifikia, kisha akarudi nyumbani kutambua kwamba haiingii katika kasha, au inaingia lakini haipati umeme wa kuitosha. Rai yangu ni kwamba mwendo huu ugeuzwe: mwenye fedha chache na alisome kwanza kasha alilo nalo, maana ni kasha, wala si muuzaji, linaloamua ni kadi zipi zinazomfaa.

Kabla ya kulifungua, ni vema kuifahamu kazi yenyewe. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili, na ili macho yaone mwendo laini, picha nzima hupaswa kuchorwa upya mara 60 katika kila sekunde. Hivyo vidoti milioni 124 hivi hukadiriwa rangi na mwanga katika muda usiomtosha mtu kutaja jina lake na la babaye. Prosesa, yenye maarifa mengi na viini vinne tu, haiwezi wingi wa namna hiyo. Kadi ya michoro ni mithili ya watu wavutao juya ufukweni, ambao kila mmoja hatakiwi kujua lolote ila kuvuta, lakini wakivuta kwa pamoja huleta nchi kavu kitu ambacho hodari mmoja peke yake asingekitikisa: GTX 1650, ambayo ni kadi ndogo, ina viini 896 vinavyofanya hesabu nyepesi kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, ilhali kile kijisehemu cha michoro kilichomo ndani ya Core i5 hukopa kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ni ya polepole na ina wadai wengine.

Sasa tufungue kasha. Jambo la kwanza ni pawasaplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ubavuni mwake pana karatasi, na juu ya karatasi hiyo pameandikwa wati. Katika kompyuta nyembamba ya ofisi kama OptiPlex 7010 hesabu hiyo ni wati 240, na juu ya uchache huo hamna waya wa pini 6 wala wa pini 8 wa kuilisha kadi kubwa. Kadi itapata kile tu kinachopita katika sloti ya PCI Express iliyomo ubaoni, na kanuni ya sloti hiyo ni wati 75, hazizidi. Kwa hiyo RX 580, kadi mashuhuri inayokula wati 185 na ambayo kwa bei ya mtumba huonekana kuwa neema, haifai kabisa kwa kasha hilo, hata kama ingetolewa sadaka. Wapo mafundi watakaotoa waya wa kuungia, upande mmoja kichwa cha diski na upande wa pili pini 6, na kusema kwamba mambo yamekwisha. Lakini kichwa cha diski cha SATA kimekadiriwa kubeba wati 54 katika volti 12, na pini 6 zimeruhusiwa kudai 75, na upungufu wa hesabu hiyo hulipwa kwa plastiki kuyeyuka, pengine na zaidi ya plastiki. Kubadili pawasaplai yenyewe huwezekana katika baadhi ya makasha makubwa. Katika yale membamba watengenezaji wametumia vipimo vyao wenyewe, na ile ya kawaida ya dukani haikai.

Jambo la pili ni kimo. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, na bamba la chuma linaloifunga kadi nyuma ya kasha sharti liwe fupi vilevile. Kadi za mtumba mara nyingi zimekwisha kutengana na bamba hilo, kwa hiyo na liulizwe kabla ya bei kukatwa.

Masharti hayo mawili hulipunguza soko zima mpaka likabaki na akali ya majina. Ipo GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, ambayo imewafurahisha watu wengi kwa miaka mingi. Ipo GTX 1650 ya mwaka 2019, inayokula wati zile zile 75 na kufanya kazi zaidi, ingawa zipo nakala zake zilizoongezewa tundu la pini 6 na hizo ziepukwe. Ipo RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, ambayo hula wati 53 tu, na kwa sababu hiyo husifiwa sana. Lakini kadi hii hutumia njia nne tu za sloti, ikitumaini kwamba kila njia ina kasi ya PCI Express ya kizazi cha nne, na mashine zetu hizi za ofisi ni za kizazi cha tatu, ambamo kasi ya kila njia ni nusu. Gemu inapoijaza kumbukumbu yake na kuanza kuomba msaada kwa ile ya kompyuta, msaada huo hupitia mlango mwembamba, na mwendo hukatika. Na ipo RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024, ya wati 70, iliyo bora kuliko hizo zote kwa kasha la namna hii, na iliyo ghali kuliko hizo zote. Mimi, kwa mtu mwenye fedha chache, ningechagua GTX 1650 fupi.

Umenisoma nikisema «RTX 3050 ya gigabaiti 6», wala sikusema RTX 3050 peke yake, na jambo hili lataka kutuliwa, maana ndipo penye mtego mkubwa. Majina ya kadi hayaaminiki. RTX 3050 ya kwanza, ya Januari 2022, ina gigabaiti 8, viini 2,560 na njaa ya wati 130. Hii ya pili, yenye jina lile lile, ina viini 2,304 na njia nyembamba zaidi ya kuifikia kumbukumbu. Tofauti hiyo walau yaweza kukisiwa kwa kutazama gigabaiti. Mbaya zaidi ni habari ya GT 1030. Ilitoka mwaka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5, iwezayo kupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikauzwa nyingine, jina lile lile na gigabaiti 2 zile zile, lakini kumbukumbu yake ni DDR4, ambayo hupitisha 16.8 tu, na katika gemu nyingi hutoa kama nusu ya kazi ya mwenzake. Hapo hakuna mlaghai wa uchochoroni. Ni kampuni yenyewe, NVIDIA, iliyofanya hivyo, kwa maandishi madogo, na sioni neno la adabu la kulieleza tendo hilo. AMD nayo haina uso wa kucheka: RX 580 ina viini 2,304, lakini ipo nyingine iliyokusudiwa soko la Uchina, yenye 2,048, ambayo kwa hakika ni RX 570 iliyovikwa jina la nduguye, na mnunuzi wa mtumba asiyesoma namba hulipia jina.

Baada ya hila za halali huja za haramu. Kadi za kale, kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, hubadilishwa programu yake ya ndani na kufanywa kujitangaza kuwa GTX 1050 Ti, na Windows, isiyo na njia ya kushuku, huliamini jina hilo. Lakini umbo husema kweli. GTX 1050 Ti halisi haina tundu la VGA, lile la rangi ya buluu lenye matundu madogo 15. Na kwa kuwa skrini kuukuu za ofisi aghalabu zina VGA tu, mnunuzi akiliona tundu hilo kwenye kadi hufurahi kwa kuwa hatanunua kigeuzi, kumbe ndiyo dalili ya kwamba ameuziwa bandia. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huzitambua nyingi za kadi hizo na kuandika mbele ya jina kwamba ni bandia, nayo huonyesha pia aina ya kumbukumbu na hesabu ya viini. Muuzaji anayekataa programu hiyo iwashwe dukani mwake, kisha gemu iachwe ikiendelea robo saa huku joto likitazamwa, amekwisha kulijibu swali.

Watu huuliza pia juu ya kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kabisa uchimbaji wa kadi za michoro, na kadi nyingi mno zikamwagika sokoni. Hofu juu yake imezidi kiasi: kadi iliyofanya kazi mfululizo katika joto la namna moja si lazima iwe mbovu kuliko iliyowashwa na kuzimwa kila jioni. Kinachochakaa ni feni, na ule uji wa kupitishia joto uliopakwa baina ya chipu na bamba lake la kupoozea, nao fundi hodari aweza kuufuta na kupaka mwingine kwa gharama ndogo. Nikipewa punguzo la kweli, ningenunua.

Si kila mtu, hata hivyo, ahitaji kadi. Gemu kama Valorant zilitungwa makusudi ziweze kuchezwa na mashine dhaifu, na mtu ambaye hachezi nyingine na mwenye kijiti kimoja tu cha RAM atafaidika kwanza kwa kuongeza cha pili, kwa kuwa michoro ya ndani ya prosesa huishi kwa mkopo wa kumbukumbu hiyo, na vijiti viwili huifungulia njia mbili. Kadhalika mwenye skrini ya vidoti 1,440 kwa 900 anachorewa chini ya theluthi mbili ya kazi ya skrini niliyoitaja mwanzo, na kadi ya kiasi itamtosha. Na mwenye i5 ya viini vinne asitarajie kwamba kadi ya bei kubwa itamwongezea kasi katika gemu za mitaa iliyojaa watu na magari, maana hapo anayechelewa ni prosesa, na kadi hukaa ikisubiri.

Limebaki suala la umri. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za ukoo wa Pascal, ambamo imo GTX 1050 Ti, zingepata draiva ya mwisho ya gemu mpya mwezi Oktoba mwaka huo, kisha marekebisho ya usalama tu mpaka 2028. GTX 1650, ambayo ni ya ukoo wa Turing, haikuguswa na tangazo hilo. Na gemu zenyewe zimeanza kufunga milango: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haiwaki kabisa bila kadi yenye maumbo ya kufuatilia miale ya mwanga, ambayo GTX zote hizi mbili hazina. GTX 1050 Ti bado yafaa kwa gemu za muongo uliopita, ambazo ni nyingi na nzuri, lakini ilipiwe kama kitu cha muongo uliopita. Muuzaji akiitakia bei inayokaribia ile ya GTX 1650, mwachie.