Mpeni Mgeni Kiti: Gitaa la Chuma Katika Nchi ya Benga

Paukwa! Pakawa!

Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya kijani, yana magadi, na kuna misimu ambapo flamingo huja kutua humo. Ziwa Victoria, ambalo wazee wetu huliita Nam Lolwe, liko jirani kabisa, lakini maji ya maziwa haya mawili hayachanganyiki. Wanasayansi watawaambia kwamba Simbi ni shimo la volkano lililojaa maji, nao wanasema kweli. Watu wa Karachuonyo, wenyeji wa hapo, wana maelezo mengine.

Husimuliwa kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji kilichopenda raha. Usiku mmoja kulikuwa na karamu. Pombe tele, ngoma zinalia, watu wanacheza mpaka vumbi linapaa. Akatokea bibi kizee asiyejulikana na mtu, ana njaa, baridi imemwingia. Akaomba mahali pa kujisitiri. Akafukuzwa. Akaenda nyumba ya pili, akafukuzwa. Ni mwanamke mmoja tu aliyemwonea huruma, akampeleka kwake, akamwashia moto, akampa chakula. Bibi alipokwisha kula alimwambia mwenyeji wake: mwite mumeo, mtoke kijijini usiku huu huu. Mume alikuwa katikati ya ngoma, hakutaka kusikia la mtu. Mwanamke akaenda zake. Ikaja mvua isiyo na mfano, maji yakatoka juu na chini, na kijiji kikazama pamoja na wachezaji wake.

Kila msimuliaji ana njia yake ya kuieleza hadithi hii. Mimi huguswa na jambo moja: watu wale hawakukosa muziki. Walikuwa na ngoma nzuri na miguu hodari. Walichokosa ni nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Sasa, watoto, njooni siku zetu hizi. Tuseme kijana ameshuka kwenye matatu mjini Migori, amebeba sanduku refu. Amesikia kuna bendi ya vijana inayofanya mazoezi mchana, naye anataka kujiunga. Anafungua sanduku, anatoa gitaa. Lakini badala ya kulivaa begani kama wenzake, anakaa kitini na kulilaza mapajani, nyuzi zikitazama juu. Kwa mkono wa kushoto anashika kipande cha chuma kilichong'arishwa. Vidole vya mkono wa kulia anavivisha kucha za bandia. Kisha anaanza kuteleza na kile chuma juu ya nyuzi.

Sauti inayotoka hairuki kutoka noti moja hadi nyingine. Inapanda taratibu, inashuka taratibu, inatetemeka, inalia kama mtu.

Hilo ndilo gitaa la chuma. Katika gitaa la kawaida mpigaji hubana uzi kwa kidole, na vijiti vya chuma vilivyopigiliwa shingoni hukata sauti katika ngazi. Katika gitaa la chuma nyuzi zimeinuliwa juu mbali na shingo, kwa hiyo hazibanwi kamwe. Kipande cha chuma kinazigusa tu na kuteleza. Nyuzi zenyewe zimekazwa kwa namna ya pekee, ili chuma kikizilalia zote kwa pamoja zitoe sauti zinazopatana. Liko pia la aina kubwa zaidi, lenye miguu kama meza, mara nyingi lina nyuzi kumi, na chini yake pedali za kukanyaga na vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Mpigaji hutumia mikono, nyayo na magoti kwa wakati mmoja. Ni kazi ngumu, na anayeiweza anastahili heshima.

Lilitoka wapi? Lilitoka Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Mvulana mmoja aitwaye Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Laie, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake. Alikuwa bado mwanafunzi alipoanza kupitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa na kupenda alichosikia. Mwaka 1904 alikwenda Marekani na kuzunguka akipiga muziki huo. Baadaye santuri zikaubeba, na santuri, wanangu, haziulizwi pasipoti.

Ndivyo sauti hiyo ilivyofika hata kwetu Afrika. Mjini Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 alivuma mwanamuziki Zacharie Elenga aliyepewa jina la Jhimmy wa Hawaii, kwa sababu gitaa lake lilikumbusha watu sauti za visiwani. Na hapa Kenya, majirani zetu Wakipsigis walisikia santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers, ambazo baadhi yake zilipigwa na mpigaji wa gitaa la chuma kutoka Hawaii, Joe Kaipo. Rodgers mwenyewe alifariki mwaka 1933 bila kuiona Kenya. Lakini mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wakimfikiria kama kiumbe nusu mtu nusu paa, mchezaji hodari. Hawakumjua, hawakuielewa lugha yake, wala hawakuweza kumwona. Wakampa nafasi katika wimbo wao. Mimi sijui mapokezi mazuri kuliko hayo.

Turudi Nyanza. Kabla ya gitaa, mfalme wa muziki wa Wajaluo alikuwa nyatiti. Ana nyuzi nane, ambazo zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe na siku hizi ni nailoni ile ile ya wavuvi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anagonga nayo mbao za nyatiti huku akipiga nyuzi na kuimba. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Kisha kuna orutu, chombo chenye uzi mmoja tu unaosuguliwa kwa upinde, na sauti yake hupanda na kuteleza kama sauti ya mwimbaji.

Gitaa lilikuja kama mgeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari walirudi nyumbani na magitaa. Baadaye santuri za Kongo zikaleta mtindo wa kupiga kwa vidole. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey huyo huyo mwaka 1952, na nyimbo zake zikasikika kote Afrika Mashariki. Vijana wa Nyanza wakashika gitaa, lakini vidole vyao vilikuwa vimelelewa na nyatiti. Wakalipiga gitaa kwa kudonoa noti moja moja kwa kasi, kama nyuzi zile nane. Likazaliwa benga. Fikirini: muziki tunaouita wetu, ulipatikana kwa sababu wenyeji hawakumfukuza mgeni, wala hawakutupa cha kwao ili wamfurahishe.

Tena mmoja wa wafalme wa benga alikuwa mgeni hasa. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Migori. Wazazi wake walikuwa watu wa dini na hawakutaka gitaa. Akavuka akaja Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kama Shirati Jazz. Alitunga nyimbo za mapenzi, za historia na za kuwakosoa wakubwa, na nyimbo hizo za mwisho zilimponza zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei mwaka 2006.

Benga nayo ikawa mgeni kwingine. Phares Oluoch Kanindo, mzalishaji wa santuri kutoka Nyanza, alisambaza muziki huu hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe waliupenda sana hata wakauita kwa jina lake, kanindo. Hapa Migori, Prince Jully na bendi yake ya Jolly Boys walijenga jina, naye alipofariki mwaka 1997 mkewe, Princess Jully, akashika maikrofoni na kuimba Dunia Mbaya, akawaonya watu juu ya Ukimwi wakati wengi waliogopa hata kuutaja.

Kwa hiyo kijana wetu wa sanduku refu ameingia katika nyumba iliyozoea wageni. Lakini kumkaribisha kwa maneno matamu halafu kumwacha ukutani si kumkaribisha. Mwanamuziki hukaribishwa kwa kupewa kazi.

Apewe kazi gani? Hapa ndipo penye utamu. Benga ni muziki wa mbio. Gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji, ridhimu hujaza katikati, besi hurukaruka chini. Kisha wimbo hufika kwenye klaimaksi, mwimbaji ananyamaza, na magitaa yanasukana kwa kasi mpaka wachezaji wanasahau viatu vyao. Gitaa la chuma likilazimishwa kudonoa kwa mbio hizo litachoka na kuchosha. Kwa maoni yangu, apewe nafasi ya orutu. Acheni ateleze nyuma ya mwimbaji, arefushe neno la mwisho la ubeti, alie pale wimbo unapolia. Klaimaksi ikifika, anyamaze, asikilize, arudi ikitulia. Na kabla ya yote hayo wakaze nyuzi zao pamoja, kwa sababu gitaa la chuma likikosea hata unywele mmoja, kila sikio linajua.

Msidhani hili ni jambo la ajabu. Kule Nigeria, King Sunny Adé aliliingiza gitaa la chuma lenye pedali katika muziki wa juju wa Wayoruba, likapigwa na Demola Adepoju, na albamu yao ya Juju Music ya mwaka 1982 ikasikika duniani kote. Lilikaa katikati ya ngoma zinazoongea na halikuzinyamazisha. Kama Ibadan na Lagos waliweza, Migori na Homa Bay zinashindwa na nini?

Iko siri nyingine ambayo wapiga gitaa wengi hawaijui. Gitaa la kwanza la umeme lililotengenezwa na kuuzwa madukani, mwaka 1932 kule Marekani, lilikuwa la kulazwa mapajani: gitaa la chuma. Wakimcheka mgeni wetu, wakiwa wamechomeka magitaa yao kwenye amplifaya, watakuwa wanamcheka kaka mkubwa wa magitaa hayo.

Na wenyeji wa Nyanza wana njia yao nzuri ya kumtambulisha mtu, ambayo ningependa msiipoteze. Inaitwa pakruok. Katikati ya shoo mtu huinua mkono, muziki unasimama, anatoa chochote alicho nacho kwa wanamuziki, kisha anajisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, ametoka wapi, rafiki zake ni akina nani. Akimaliza, muziki unarudi kwa nguvu. Mgeni wa gitaa la chuma naye apewe pakruok yake. Aseme kwao, ataje waliomfundisha, asifu chombo chake bila aibu. Watu wakishajua jina lako na la mama yako, wewe si mtu wa kupita tena.

Basi, watoto wa Migori, Rongo, Awendo, Homa Bay, Mbita na Oyugis: mtoto mgeni akija shuleni au kanisani kwenu na chombo msichokijua, msianze kwa kumuuliza kama anaweza kupiga mnachopiga ninyi. Mwambieni apige cha kwao kwanza, mnyamaze mpaka amalize, halafu mpigieni cha kwenu. Siku hiyo hiyo mpeni wimbo mmoja wa kujifunza na kiti karibu na mwimbaji.